Nyama ya Kufunika Jino la Mwalimu Bakari

Ufizi wa Mwalimu Bakari ulikuwa umepanda, umeacha jino la chonge, kama suruali ya mutu anayevuka mto. Kosa ni yake. Miaka makumi mbili alisugua meno na muswaki wa muti, asubuhi na mangaribi, kama sufuria iliyoungua. Sasa muzizi iko wazi, na maji ya baridi inamupiga mupaka ku sikio.

Munganga wa meno, Dokta Ruphin, alitoka Bukavu kwa juma moja tu hapa Kasongo. Na Maulidi iko kisha siku kumi na ine. Kila mwaka ni Bakari anaisoma mbele ya watu wote.

"Tutafunika muzizi na nyama," Ruphin alisema. "Kuko ya paketi, tayari. Hakuna kidonda cha pili."

"Wanatengeneza na nini?"

Ruphin alikohoa. "Ngozi ya nguruwe."

Aziza, muke wa Bakari, alicheka mupaka akashika ukuta. "Baba Aïcha, Maulidi na nguruwe ku kinywa!"

"Nyamaza, mama. Dokta, ingine?"

"Nyama yako mwenyewe. Hiyo inashika muzuri zaidi. Tunakata juu, ku kaakaa. Patauma juma mbili."

Bakari aligusa kaakaa na ulimi. Herufi ngapi za Kiarabu, ulimi unagonga pale pale! Angesoma kama mutoto. Na Hamadi, anayengoja kile kiti cha kusomea Maulidi tangu miaka sita na kanzu imepigwa pasi, akikikalia hatakirudisha.

"Basi acha jino ianguke."

"Ikianguka, utasoma na filimbi," Aziza alisema.

Ruphin aliwasha taa. "Mwalimu, fungua kinywa. Nisomee herufi zote, pole pole."

Bakari akasoma, alifu mupaka ya, mate inamushuka ku kidevu. Taa ilifuata ulimi kama mutu anayetafuta mwizi wa kuku.

"Rudia ile ya dhadi," Aziza alisema. "Haikutoka."

"Ee, Mama! Na wewe ni mwalimu sasa?"

Ruphin alizima taa. "Kule nyuma kabisa, kisha jino la mwisho la juu, ulimi haufikake. Nyama iko pale, nzito. Ni kidogo, lakini jino lako ni moja."

"Kata pale," Bakari alisema.

Siku ya Maulidi alisoma pole pole, mudomo mugumu kidogo. Hamadi alikaa mbele, sikio wazi, akivizia kosa. Hakupata hata moja.

Kisha wakaleta chai. Bakari aliomba maji ya baridi. Akakunywa na upande ule ule, akafunga macho, akangoja sikio.

Sikio likanyamaza.