Mwenyekiti Aliyevimba Shavu

Profesa wa meno, mwenyekiti wa kamati ya mtaala mpya, aliingia mkutanoni shavu limemvimba kama aliyeficha ndimu mdomoni. Aliyemuuliza aliambiwa ni nyuki. Yeye, aliyekwisha kugombeza nusu ya mji kwa uvivu wa kupiga mswaki, aseme jino limeoza? Afadhali nyuki.

Siku hiyo alikuwa amejiandaa kupinga. Binamu yake, daktari wa meno wa afya ya jamii, alitaka wanafunzi wakakae muhula mzima kwenye zahanati za mitaani. Upuuzi mtupu, aliona profesa. Chuo chake kilisifika kwa kupandikiza meno, si kwa kugawa miswaki. Hoja zake alikuwa ameshazinoa, na kejeli kazitia humohumo.

"Watu wetu wanakuja jino limeshaoza mpaka mzizi," binamu alieleza. "Wanafunzi wawafuate mapema. Unasemaje, mwenyekiti?"

Mwenyekiti akafumbua mdomo. Upepo wa feni ukaligusa jino. Kichwa kikamwinama, kikapanda, kikainama tena, na machozi yakamlengalenga.

"Amekubali!" mtu akadakia. "Tena ameguswa, jamani!"

Makofi yakapigwa. Hoja ikapita.

Walipotoka, binamu akamshika mkono. "Kaka, nyuki gani huyo ananuka usaha? Twende."

Akamkalisha kwenye kiti cha kliniki ya chuo, ambacho profesa mwenyewe hufundishia. Alipoiona sindano, miguu ikaanza kumcheza.

"Unaugua tangu lini?"

"Mwaka juzi."

"Na funguo za kliniki nzima unazo mfukoni! Kwa nini hukuja?"

"Naogopa, dada."

Binamu alicheka mpaka akatafuta pa kujishikiza. Kisha akavuta kigoda, akamweleza polepole kila atakachofanya, kama anayembembeleza mtoto alale. Jino likatoka. Profesa alibaki amelala pale, nusu ya mdomo imekufa ganzi, akijicheka kwa nusu iliyobaki. Miaka yote hiyo alikuwa amefundisha namna ya kulishika koleo. Namna ya kumshika mtu anayetetemeka, hata somo moja hakufundisha.

Kikao kilichofuata angeweza kuifuta ile hoja. Badala yake alisimama, akakohoa.

"Kabla hawajaenda mitaani, wajifunze kwanza kuzungumza na mwoga. Na mwoga wa kufanyia mazoezi ninaye."

"Nani huyo?"

"Mimi. Kuna jingine linauma."