Kiu Imepokelewa

Usiku wa jana niliota Bunge la Kaunti limehamia sebuleni kwangu, na mimi, kwa tabia yangu ya kupenda wageni, nikafurahi.

Waheshimiwa thelathini walikuwa wamebanana kwenye makochi. Juu ya meza ya chai ililala siwa, ile fimbo ya dhahabu ambayo isipokuwepo kikao si kikao. Siwa yenyewe ndiyo iliyoongoza. Ilikuwa na sauti ya shemeji aliyeshiba.

"Mama Mghoi," ikaniambia, "tunajadili mswada wa kuhamisha mashine za figo kutoka hospitali yenu kwenda makao makuu ya kaunti. Una pingamizi?"

"Makao makuu ni safari ya saa tano," nikasema. "Jirani yangu Wakesho husafishwa damu mara mbili kwa wiki. Mtamfikisha huko maiti."

"Pingamizi lihifadhiwe," siwa ikasema.

Karani akaliokota pingamizi langu, akalifunga kwenye mfuko wa nailoni, akaliweka kwenye friji karibu na nyanya.

Mlango unafunguka. Wakesho anaingia na leso kichwani. Mashine inamfuata nyuma kwa mirija, kama mbuzi anayevutwa kwa kamba.

"Mama Mghoi, leo umejaza nyumba kweli," anasema. "Nimeambiwa nije nijitetee."

"Unaumwa nini?" siwa inauliza.

"Figo."

"Figo ni sera ya kitaifa. Nenda jikoni."

Jikoni hakuna sufuria hata moja. Kuna Bunge la Taifa, zulia jekundu mpaka upeo wa macho, na siwa nyingine, ndefu zaidi, imelala juu ya jiko langu.

"Hospitali ni kazi ya kaunti," siwa ya jikoni inasema. "Rudi sebuleni."

Tunarudi sebuleni. Tunarudishwa jikoni. Kila Wakesho akivuka kizingiti miguu yake inavimba kidogo, na kila akivuka mlango unakuwa mwembamba kidogo. Safari ya saba inabidi apite ubavu.

"Samahanini," mashine ikasema. Ilikuwa na adabu kuliko wote mle ndani. "Mimi kazi yangu ni ya saa nne, mgonjwa ametulia. Sijaumbiwa matembezi."

"Mashine haina ruhusa ya kuongea," sebule na jiko vikajibu kwa pamoja. Hapo ndipo nilipojua kwamba tangu mwanzo walikuwa wanasikilizana vizuri sana.

Nikapandwa na hasira. "Nyinyi hamna mama? Hamna dada? Mwaka mzima mnamsukuma mtu kama toroli, huyu aseme ni wa yule, yule aseme ni wa huyu!"

"Punguza sauti," siwa ikasema. "Bado hatujashirikisha umma."

Ilipotamka hivyo tu, mtaa mzima ukamiminika ndani. Baba Mwakio, fundi viatu wetu, alitangulia kama kawaida yake panapokuwa na cha bure. Nyuma yao kreti za soda nyeusi ya zabibu zikapanda ngazi zenyewe, moja baada ya nyingine, zikipumua.

Sasa mimi siwezi kuona mgeni amekaa mdomo mkavu nyumbani kwangu. Chupa zile nilizifungua mwenyewe, kwa mkono wangu huu. Nilimpa kila mtu. Baba Mwakio alikunywa tatu. Mimi nilikunywa moja, tena nikaisifu.

Wakesho peke yake alikataa. "Daktari amenipimia vikombe viwili vya maji kwa siku," alisema. "Vya leo nimeshavimaliza."

"Tupige kura," siwa ikasema.

Nilidhani tutaulizwa ndio au la. Karani akatoa tochi, akaanza kutumulika midomoni.

"Ulimi wa zambarau. Ndio. Zambarau. Ndio. Zambarau sana, huyu ndio mara tatu."

"Lakini mimi nilikuwa na kiu tu!" Baba Mwakio akalia.

"Kiu imepokelewa kama maoni," siwa ikasema.

Nikapiga kelele, "La!" Kilichotoka mdomoni ni "Ndio," pamoja na gesi.

Wakesho akafungua mdomo. Ulimi wake ulikuwa mweupe, mkavu.

"La," akasema, bila kupaza sauti.

"Mmoja," karani akaandika.

"Umma umeshirikishwa na umeridhia," siwa ikatangaza. Waheshimiwa wakapiga meza yangu ya chai kwa viganja, na karani akaanza kuisukuma mashine kuelekea mlangoni. Mirija bado iko mkononi mwa Wakesho. Inanyooka.

"Na mirija?" nauliza.

"Mirija haimo kwenye mswada."

Niliinyakua siwa nikaing'ata kwa nguvu zangu zote. Ilikuwa plastiki.

Nikaamka nimeng'ata mto. Jua limeshachomoza. Barabarani gari la kaunti linapita na kipaza sauti: "Wananchi wote, leo saa nne, ukumbi wa chifu, karibuni mtoe maoni kuhusu mswada wa mashine za figo! Vinywaji vitakuwepo!"

Nikaenda kupiga mswaki. Kwenye kioo nikautoa ulimi.

Zambarau. Na soda mimi sijaonja tangu Pasaka.

Niliusugua kwa chumvi na majivu mpaka machozi yakanitoka. Sauti ya Wakesho ikaruka ukuta: "Mama Mghoi! Leo ni siku yangu ya hospitali, mkutano wamenipangia juu yake! Mtanisemea?"

"Tutakusemea!" nikajibu. Neno lilitoka kama nilivyolikusudia.

Nikajaza maji chupa yangu kubwa, mtu asije akaenda mkutanoni na kiu, nikajifunga leso, nikaenda nyumba ya kwanza. Baba Mwakio alifungua mlango akipiga miayo, shati begani.

"Mama Mghoi, asubuhi yote hii, kuna nini?"

"Fungua mdomo," nikamwambia.

Akaufungua.