Prosesa ya Shangazi, Mazabodi ya Mjomba

Ukoo wetu hautoi pesa. Unatoa kitu. Sheria hiyo ilipita siku binamu yangu alipochangiwa ada ya chuo akarudi nyumbani na seti ya sofa, akasema amewekeza. Tangu hapo, ukihitaji sare unanunuliwa kitambaa, na ukihitaji nauli mtu anakusindikiza hadi kwenye gari na kumlipa kondakta mwenyewe, mkono kwa mkono, huku akikutazama usoni. Kwa hiyo niliposema nataka kuunda kompyuta ya kuchezea gemu, nilijua nitachangiwa vipande vipande.

Haja yenyewe ilikuwa hivi. Kwa miaka mitatu nilikuwa nikicheza kwenye chumba cha gemu kilichokuwa nyuma ya duka la kuchapa ninakofanya kazi. Mwenye chumba akauza mashine zote akaweka za kufulia nguo. Mimi ni mmoja wa wachezaji watano wa timu ambayo wachezaji wake hatujawahi kuonana. Tunajuana kwa sauti tu. Humo naitwa Kipanga. Nahodha wetu ni mtu asiye na salamu. Aliposikia chumba kimefungwa, alisema, "Ligi inaanza mwezi ujao. Jumamosi saa kumi jioni kila mtu awe kwenye mashine yake, tuzipime. Asiye na mashine atampisha Radi."

Radi ni mchezaji wa akiba. Ana mashine nzuri na hana macho. Anapita mlangoni pa adui kama anakwenda kuazima chumvi. Na huyo ndiye angekalia kiti changu.

Nikagawa vipande kwenye kundi la familia la simu. Diski, kioo, kibodi na kipanya nilikuwa navyo tayari. Kadi ya picha, ndiyo inayochora kila unachokiona kwenye gemu na ndiyo ghali kuliko vyote, nilikuwa nimeshainunua mwenyewe, iliyotumika, baada ya miezi ya kwenda kazini na chakula cha jana. Baba nikampa kasha na pawasaplai, inayogawa umeme ndani. Mama, ramu, yaani kumbukumbu ya mashine. Shangazi nikampa prosesa, yaani ubongo. Mjomba nikampa mazabodi, lile bao ambalo vyote vinachomekwa juu yake. Kila mmoja nikamtumia picha na jina kamili la kitu chake, nikaandika chini yake: hiki hiki, tafadhali, msibadilishe.

Nilisahau ninazungumza na nani. Hawa ni watu ambao ukiwatuma chumvi wanarudi na sukari kwa sababu ilikuwa na punguzo.

Baba alileta kasha sahihi, na risiti mbili, maana ni karani na haamini moja. Mama, anayeuza mboga sokoni na anayeujua ujanja wote wa wauzaji, alimwekea yule wa ramu picha mbele ya macho akamwambia, "Nataka hii. Ukinipa dada yake nakurudishia kabla hujakaa." Akapewa yenyewe.

Alhamisi jioni Shangazi akaingia, kucha zimepakwa rangi mpya, kiboksi kidogo mkononi. Ana saluni, na mteja wake mmoja mume wake anauza kompyuta.

"Ile uliyoandika ilikuwa na namba tano," akasema. "Nikamwambia yule mama, mtoto wa kaka yangu hawezi kwenda na tano. Amenipa ya tisa, bei ile ile. Nishukuru."

Nilifungua boksi. Ilikuwa kweli ya tisa, kali kuliko nilivyowahi kuota. Ilikuwa pia ya kampuni nyingine. Chini yake ilijaa vijimiguu vidogo kama jongoo.

Kabla sijairudisha kwenye boksi, Mjomba naye akabisha hodi. Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma. Akiingia sebuleni inanuka karakana. Akaweka mezani kitu kilichofungwa kwa gazeti.

"Shikamoo, Mjomba. Boksi lake liko wapi?"

"Marahaba. Boksi la nini, unakula boksi? Ile uliyonitumia picha niliishika, nyepesi kama mfuniko wa sufuria. Nikamwambia kijana wa duka, nipe mizani. Nikapima zote. Hii ndiyo iliyokuwa nzito."

Alikuwa amechagua mazabodi kwa kilo.

Ilikuwa nzuri pia, sitadanganya. Ilikuwa ya kampuni ile niliyoandika. Na kitako chake, pale prosesa inapokaa, hakikuwa na hata tundu moja la kupokea vijimiguu vya Shangazi.

Nikawaeleza taratibu. Kampuni kubwa za prosesa ni mbili, na ubongo wa hii hauingii kwenye bao la ile. Si kwa kusukuma wala kwa gundi, na si kwa maombi. Kimoja lazima kibadilishwe.

Kisha Shangazi akanigeukia mimi, ingawa Mjomba alikuwa ameketi hatua moja kutoka kwake.

"Mwambie mjomba wako kompyuta si geti la kununuliwa kwa uzito."

"Mwambie shangazi yako," Mjomba naye akaniambia mimi, "si mashindano ya namba ya jezi."

"Wifi, chai," Mama akasema.

"Chai nitakunywa, lakini mtoto aambiwe ukweli. Kichwa ndicho kinachofikiri. Bao ni bao tu."

"Bila bao kichwa chake kitakaa wapi, kwenye kikombe?"

"Muulize kama pale dukani alipima na ubongo wake."

Baba, kaka yake Shangazi na shemeji yake Mjomba, aliinuka akaenda kuangalia bomba la nje ambalo halikuwa na tatizo lolote. Alikaa huko mpaka wageni wakaondoka.

Hao wawili wameanza siku nyingi. Mtoto akifaulu kwetu, upande wa baba unasema damu. Akifeli, upande wa mama unasema je, hatukuwaambia? Mimi nimekua nikiwa kamba wanayovutana, na kwa kawaida sijali. Kamba nayo hupewa zawadi pande zote mbili. Lakini safari hii nilikuwa na siku mbili.

Ijumaa mchana niliomba ruhusa kazini nikaenda kwa Fundi Miwani, anayeuza na kubadilishana vipuri kwenye kijiduka chenye feni tatu na zote hazizunguki. Akaviangalia vitu vyote viwili, akavishika kwa ncha za vidole.

"Vyote vizima," akasema. "Ukiniachia prosesa, nakupa ndogo ya kukaa kwenye hili bao. Ukiniachia bao, nakupa bao la kawaida la kuikalisha hii prosesa. Hakuna kuongeza kitu."

"Ipi itanipa mashine nzuri?"

"Unauliza kitu unachokijua, dada. Hiyo tisa usiiachie. Wewe chagua tu nani umkosee adabu."

Ningeweza kubadilisha palepale na kumwambia Mjomba baadaye, au nisimwambie kabisa. Kasha likishafungwa nani angejua? Lakini Mjomba ndiye aliyenitengenezea kitanda changu cha kwanza, na meza ninayoiandikia mpaka leo, na hajawahi kunificha bei ya kitu. Nikaona nimwambie usoni. Nikajipongeza njia nzima kwa uungwana wangu.

Nilimkuta anachomelea fremu ya dirisha. Akazima, akapandisha miwani kwenye paji la uso.

"Mjomba, nimekuja kukuomba ruhusa nibadilishe mazabodi."

"Kwa hiyo yangu ni takataka."

"Si takataka. Ni nzuri sana. Tatizo haipatani na prosesa."

"Na prosesa je, inapatana na mazabodi?"

"Haipatani."

"Basi kosa ni la wote wawili. Mbona umekuja kwangu?"

Hapo ndipo ningepaswa kutafuta maneno laini. Maneno ninayo, watu hunilipa niwaandikie barua. Lakini nilikuwa nimechoka, jua lilikuwa linanichoma kisogo, na nikasema ukweli ulivyo: "Kwa sababu ya Shangazi ni bora zaidi."

Alinawa mikono kwenye ndoo, kidole kimoja kimoja. Akaifuta kwa kitambaa. Akaunyoosha mmoja.

"Lete."

"Mjomba, naenda kuibadilisha kwa Fundi Miwani, bila hii hatanipa—"

"Kitu changu hakipelekwi dukani kama kuku mgonjwa. Lete, mpwa wangu."

Nikampa. Ungefanya nini? Akaiweka juu ya kabati la vifaa, akashusha miwani, akawasha moto. Nilisimama pale muda nikitazama cheche, halafu nikaondoka.

Kwa Shangazi nilipitia tu kujaribu bahati. Alikuwa anasuka kichwa cha mtu, na nilipomwambia nimebaki na prosesa yake alifurahi mpaka chanuo likamdondoka.

"Nilijua wewe ni wetu," akasema. "Ngoja niandike kwenye kundi."

"Usiandike, Shangazi. Nisaidie bao tu. La kawaida, lolote."

"Mimi si nimeshatoa? Nikitoa na bao, upande ule watakuwa wamechangia nini, harufu?" Mteja akacheka. Kabla sijafika kituoni, kundi lilikuwa limeshapata habari: *Mtoto amechagua prosesa. Bao limerudi kwa mwenyewe.* Chini yake, kwa herufi ndogo za kijivu, ilionekana Mjomba ameondoka kwenye kundi.

Jioni ile sikula. Nilikuwa na ubongo wa tisa, ramu, kasha, risiti mbili, na pa kuvichomeka hakuna. Mama alinisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mboga za kesho.

"Kwa hiyo umemwambia ukweli," akasema.

"Ndiyo."

"Hukuniuliza kwanza."

"Ungesema nini?"

"Ningekwambia niende mimi. Yule ni kaka yangu, mimi naweza kumtukana."

Jumamosi asubuhi nilirudi kwa Fundi Miwani na kitu pekee kilichokuwa changu mwenyewe. Nikaifungua kadi ya picha juu ya kaunta. Alivua miwani yake akaifuta, akaivaa tena.

"Una uhakika? Naweza kukupa bao na kadi ndogo. Lakini ile ndogo ni ndogo, dada. Nusu ya hii, tena siku ikiwa njema."

"Gemu itafunguka?"

"Itafunguka. Usitarajie kuona vivuli."

Miezi yote ile ya chakula cha jana ikaenda kwenye droo yake. Nikapewa bao la kawaida kabisa na kadi yenye feni moja.

Niliunda mashine sebuleni, mlango wazi, na kila aliyepita alikuwa na ushauri. Saa saba nikawasha. Feni zikazunguka, taa zikawaka, kioo kikabaki cheusi. Nikatoa ramu, nikairudisha. Cheusi. Nikatoa kadi. Nikamlaani binamu yangu na sofa zake, maana kama si yeye ningepewa pesa mkononi nikanunua vitu vinavyopatana na kila mtu angekuwa anasalimiana na mwenzake. Nilikuwa karibu kulia ndipo nikaona waya wa umeme wa prosesa ukining'inia nyuma ya kasha, haujachomekwa. Nikauchomeka. Picha ikaja.

Saa kumi kamili nilikuwa nimevaa vipokea sauti. Nilikuwa nimeshusha kila kitu hadi chini kabisa: vivuli hakuna, majani hakuna, maji yanafanana na sakafu ya ofisi. Miti ilikuwa vijiti. Adui walikuwa na nyuso kama viazi.

"Kipanga," Nahodha akasema. "Upo."

"Nipo."

"Moshi."

Hilo ndilo jaribio lake. Anamwaga moshi mbele ya kila mtu, kwa sababu moshi ndio unaozikaba mashine dhaifu. Picha ikavuta kidogo, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Prosesa ya Shangazi ikabeba, kadi ikajikongoja, na moshi ukapita.

"Inakohoa," Nahodha akasema, "lakini haifi. Tucheze raundi moja. Radi, kaa tayari."

Tukaanza. Tulikuwa tumebaki wawili dhidi ya watatu simu yangu ilipoanza kutetemeka juu ya meza. Mjomba. Tangu Ijumaa hakuwa amejibu salamu yangu hata moja. Simu ikatembea yenyewe kuelekea ukingoni, jina lake linawaka. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa kwenye kibodi na wa kulia kwenye kipanya, na nyuma ya ukuta palikuwa na nyayo.

"Kipanga, mlango," Nahodha akasema.

Nikabaki na mlango. Simu ikaanguka chini, ikaendelea kuita kwenye zulia, ikanyamaza. Wa kwanza alitoka na sura yake ya kiazi, nikampiga. Wa pili alikuwa nyuma yake, naye nikampiga. Wa tatu alimalizwa na mwenzangu.

Nahodha akafunga raundi.

"Mazoezi Jumanne," akasema. "Usichelewe."

Nilivua vipokea sauti. Masikio yalikuwa yamelowa jasho. Niliokota simu, nikampigia Mjomba. Iliita mpaka ikakata. Mama alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa begani, sijui tangu saa ngapi.

"Umepata kiti?"

"Nimepata."

"Alikuwa nani anapiga?"

"Kaka yako."

"Hukupokea."

"Nilikuwa kwenye mlango, Mama."

Hakuuliza mlango gani. "Mpigie."

"Nimempigia. Hapokei."

"Mpigie tena," akasema, akaketi kwenye mkono wa kiti kusubiri.