Kola ya Mwenye Nyumba

Jana usiku, jamani, nimeota kesi yangu ya pango inasikilizwa ndani ya kabati la vyombo.

Kwanza mjue yaliyonikuta. Mimi ni fundi cherehani, nimepanga kwa Mzee Shekigenda hapa Muheza, chumba na kibaraza, mwaka wa tisa huu. Mkataba wangu, wenye muhuri wa serikali ya mtaa, umepotea. Mzee aliposikia, alifurahi kama mtu aliyepata mjukuu. Nakala yake, alidai, imeliwa na mchwa. "Fundi, huna karatasi, basi wewe ni mgeni tu. Jumamosi uage uende." Nililala nikilia, sioni haya kusema.

Basi ndotoni nafungua kabati nichukue kikombe, nakuta ofisi ya serikali ya mtaa. Foleni imefika hadi kwenye sahani. Mwenyekiti ni mita yangu ya umeme, amevaa koti.

"Mpangaji yuko wapi?"

"Nipo, Mheshimiwa."

"Mkataba?"

"Umepotea, Mheshimiwa."

"Na wewe umepotea?"

"Hapana. Nipo hapa."

"Basi tuendelee."

Mzee Shekigenda anaruka kutoka nyuma ya birika. "Bila karatasi hakuna mpangaji!" Amevaa shati jeupe nililomshonea mwezi uliopita, siku ya harusi ya binti yake. Limemkaa, msinione najisifu.

"Karatasi huandikwa tu, waliopatana ni watu," inasema mita. "Walioshuhudia waje."

Msumari wa ukutani unasimama. "Nimebeba khanga zake miaka tisa. Mgeni gani huyo?"

Mlango unakohoa. "Na huyu mzee akija hapa hupiga hodi. Mtu hapigi hodi chumbani kwake."

Kabati zima linaguna. Mita inaomba kuiona notisi. Mzee anajipapasa mifuko. Kisha simu inalia ndani ya sufuria, napokea mimi.

"Mimi ni Notisi," inasema sauti ya mama mmoja aliyechoka. "Natembea kwa miguu, huchukua miezi mitatu kufika. Huyo mzee ameniita juzi. Jumamosi nitakuwa bado niko Korogwe."

"Usihangaike, mama, tutakusubiri," namwambia.

Mara hatumo kabatini tena. Tuko juu ya bati, jua linawaka, na cherehani yangu imekaa kitako inanitazama kwa hasira.

"Fundi, utanyamaza mpaka lini? Siku ile ya harusi si uliishiwa kile kitambaa kigumu cha kutia ndani ya kola? Mzee kasimama kibarazani anafoka, maharusi wanasubiri. Ukaingiza mkono chini ya godoro, ukavuta karatasi ngumu ya kwanza uliyoipata."

"Mungu wangu!"

"Hukuisoma hata mstari mmoja. Ulikata, ukashona."

Kola ya mzee inasafisha koo. "Kifungu cha nne," inasema. "Mwenye nyumba hatamtoa mpangaji bila notisi ya miezi mitatu."

Mzee anaiziba kwa mikono miwili. Kola inasoma tu, chini ya vidole, kifungu kwa kifungu, mpaka tarehe, mpaka jina la shahidi. Mzee anazunguka juu ya bati akijikaba shingo. Msumari unapiga vigelegele. Mimi nacheka, nacheka, mguu unateleza, naanguka.

Nikaamka sakafuni, mbavu zinauma kwa kicheko. Kumekucha, tena ndiyo Jumamosi yenyewe. Machozi yakaanza kunilenga upya.

"Hodi! Fundi, hodi!"

Nikafungua. Mzee Shekigenda amesimama na bwana mmoja mwenye futi ya kupimia mkononi. "Huyu ndiye mpangaji mpya," akasema. "Amekuja kuona kitanda chake kitakaa wapi."

Kwa ajili ya mgeni wake alikuwa amelitoa sandukuni na kulivaa lile shati la harusi, ambalo tangu siku hiyo hakulivaa tena. Amepanda kilima kwa haraka, jasho limemlowesha shingo, na kola imemganda. Nikaitazama. Upande wa kushoto, chini ya kitambaa cheupe kilicholowa, nusu duara ya wino wa zambarau. Muhuri wa serikali ya mtaa.

Nikausukuma mlango ukafunguka wote.

"Karibuni ndani," nikasema, nikanyoosha mkono kuchukua mkasi. "Mzee wangu, hiyo kola niliishona vibaya. Livue hilo shati nikurekebishie, na mgeni wako aone."