Samadi ya Bibi Yavdoha

Kwetu Poltava udongo ni mweusi hata kunguru akitua shambani humwoni mpaka apige kelele. Niliwahi kusahau fimbo yangu kwa Bibi Yavdoha, nikaikuta imechipua majani.

Myron alihamia jirani na bibi huyo akitokea migodini. Mkewe alikuwa mgonjwa, na tegemeo lao lilikuwa bustani tu. Kabichi zake zilikuwa kama ngumi, za bibi kama vichwa vya ng'ombe. Akamwomba siri.

"Udongo wenye rutuba ni ule ulio hai, mwanangu," bibi akamjibu, akafunga mlango.

Vuli ile Myron alimchungulia akizika samadi ya farasi mashimoni. Theluji ilipokaribia, bibi akiwa kanisani, Myron akaichota yote na kuifukia kwake. Bibi alirudi mapema, nami nikiwa mgeni wake, tukamtazama Myron kupitia dirisha.

"Mwambie," nikamsihi. Kila mzaliwa wa hapa anajua kuwa mashimo yale ni mtego. Chenene, wadudu wachimbao udongo na kukata mizizi, hujikusanya kwenye joto la samadi, nasi baridi ikikaza tunaifukua na kuitawanya juu ya theluji, wagande wafe.

"Mwizi hafundishwi," akasema. "Kunywa chai yako."

Theluji ilipoyeyuka, chenene walitoka kwa Myron wakubwa kama panya, wakakata kila mzizi. Kiangazi Myron akaja kwa bibi na bakuli tupu, akaomba japo kabichi moja ya supu ya mkewe.

"Unalia nini, mwanangu?" bibi akamuuliza. "Rudi ukausikilize udongo wako. Sasa u hai kuliko wangu."

Akafunga mlango.