Mtani Aliyepisha Jeneza

Ukitaka kujua uzito wa mzigo wa Mnyamwezi, usimwulize Mnyamwezi mwenyewe. Atakwambia ni mwepesi, huku jasho linamchuruzika mpaka kwenye visigino. Mwulize mtani wake Mluguru, yule aliyemtilia jiwe ndani ya mzigo alipokuwa anakunywa maji.

Benedikto alikuwa mtu wa Tabora kwa kuzaliwa na wa Morogoro kwa mshahara. Mshahara ulipokatika, akawa si mtu wa mahali popote. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, kila kitu kilipofunguliwa isipokuwa milango ya viwanda. Kiwanda alichozeekea kilipofungwa, wenzake wengine walirudi makwao, wengine wakaenda Dumila kuuza mahindi ya kuchoma barabarani, wengine Gairo kulangua karanga. Yeye alikwenda sokoni akanunua shanta.

Ilikuwa shanta ya Kizungu, ya kubeba mgongoni, yenye fremu ya chuma chepesi na mkanda wa kufunga kiunoni. Aliitoa chini kabisa ya rundo la mitumba. Ubavuni ilishonewa kitambaa chenye picha ya mnazi na maandishi asiyoyajua. Mwalimu mmoja wa Mgeta alimsomea, akasema hilo ni jina la kisiwa fulani, watalii huenda huko kutembea.

"Kutembea na kuuza nini?" Benedikto aliuliza.

"Hawauzi kitu, mzee. Wanatembea tu. Kijiji hadi kijiji, na shanta mgongoni."

Alicheka mpaka akakaa chini. Watoto waliokuwa wanasikiliza hawakumwacha na jina la ubatizo tena. Kuanzia siku ile, milima mizima ya Uluguru ilimjua kwa jina la Mtalii.

Alijaza shanta yake sindano, nyuzi, viberiti, betri, nyembe, na nguo moja moja za kuagizwa. Malori yaliyokuja tupu kutoka Dar kufuata kabeji yalimpandisha Mgeta. Kutoka hapo ni miguu. Alipita vijiji vya mboga, akavuka msitu wenye ukungu, akateremkia upande wa mashariki kwenye migomba na minanasi, kwa watu wanaoswali, ambako siku ikiwa safi unaiona nchi tambarare ikielekea pwani. Na huko, kwenye kijiji cha Lukwambe, ndiko kulikokuwa na nyumba ya Mwanvita.

Mwanvita alikuwa mjane wa makamo yake, mwembamba, mwenye ulimi kama msasa. Aliishi na kaka yake Kondo na mwanawe Sufiani. Siku ya kwanza kabisa Benedikto alipotokeza, akasema kwao ni Tabora, yule mama alipiga kigelegele.

"Kondo! Toka nje! Punda wetu karudi! Babu zetu walimtuma mzigo pwani, ndiyo kwanza anafika!"

"Nimechelewa kwa sababu yenu," Benedikto alijibu. "Nimewakuta mashambani mmejifunga kamba kwenye migomba msije mkabingirika, nikasaidia kufungua mafundo."

Basi, ikawa imekwisha. Akawa na nyumba. Kila alipopita walitukanana kuanzia uani hadi jikoni, Mwanvita akaingiza mkono kwenye shanta na kuchukua alichotaka, akaita ushuru wa mlima. Na kila alipoondoka, akifika juu kwenye ukingo wa kilima, mgongo ukianza kulia, alifungua shanta akakuta jiwe. Alilitupa kando ya njia, akageukia bonde na kupiga kelele za matusi, na toka kule chini sauti ya Mwanvita ilimjibu. Mawe yale yalikuwa yamefanya chungu kidogo pale juu.

Sasa siku ninayoieleza, Benedikto aliteremka Lukwambe asubuhi, akiwa na mfuko wa sukari mkononi. Alijua ni arobaini ya Kondo. Siku ya maziko pia alikuwapo. Njia ilimfikisha pale kwa bahati, akalia na wenyeji. Leo alirudi kwa makusudi. Uani wanawake walikuwa wamekwisha injika masufuria. Mwanvita alikuwa anachambua mchele.

"Wewe mama!" aliita kutoka mbali. "Bado hujaporomoka tu? Nilidhani nitaikuta kamba peke yake!"

Mwanvita aliweka ungo chini. Akapangusa mikono. Akaingia ndani, akatoka na kiti chenye mto, akakiweka kivulini.

"Karibu, mgeni wetu," alisema. "Pole na safari. Wa huko utokako hawajambo?"

Akamletea maji kwenye glasi, glasi kwenye kisahani.

Benedikto aliitazama ile glasi. Kwenye nyumba hii alizoea kunywa kwenye kata, tena baada ya kuambiwa asubiri mbuzi wamalize kwanza. Alijaribu tena. "Nimekuletea sukari, labda itapunguza ukali wa huo mdomo."

"Tunashukuru sana, baba. Mungu akuzidishie."

Wale wanawake wengine waliinama kwenye vitunguu vyao. Benedikto alikunywa yale maji, akairudisha glasi kwenye kisahani. Shanta aliiweka wazi miguuni pake, vifungo vyote vimefunguliwa. Mwanvita alipita mara nyingi akienda jikoni na kurudi, wala hakuitupia jicho.

Hapo ndipo alipokumbuka jambo aliloliona siku ile na kulipa maana yake mwenyewe. Alipoondoka baada ya maziko, alifika juu ukingoni, akafungua shanta, hakukuta jiwe. Alisema moyoni, huzuni imemfanya mwema, maskini.

Alimfuata Sufiani nyuma ya nyumba, alikokuwa anapasua kuni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mama yako anaumwa?"

"Haumwi."

"Mbona ananiita mgeni?"

Sufiani alipasua gogo moja, kisha la pili. "Babu, siku tuliyomzika mjomba, pale njia panda tulisimama na jeneza. Ulituona?"

"Niliwaona. Mlikuwa mnabadilishana mabega."

"Tulikuwa tunakungoja wewe."

Benedikto aliketi juu ya gogo. Aliijua ile njia panda, na alijua walisimama kwa nini. Mtani huwa analala kifudifudi katikati ya njia. Husema maiti haipiti, huyu ana deni langu la matusi, na wafiwa humbembeleza na kumkomboa kwa kuku au kanga, na watu waliokuwa wamekauka koo kwa kilio hucheka kwa nguvu, na ndipo jeneza huenda. Alikwisha fanya hivyo kwenye misiba ya watu asiowajua hata majina. Lakini siku ile alikuja Yunusi, mtoto wa ukoo wao aliyeko Dar, na viatu vyeusi na suti ya mikono mifupi, akawaambia wazee: leo tuzike kistaarabu, michezo basi. Na zaidi ya hayo, Kondo alikuwa rafiki. Benedikto hakuona utani utatoka wapi. Alivua kofia, akasogea kando kwenye majani, akakunja mikono kama mtu aliyekuja kukagua barabara. Jeneza lilisimama, likangoja, likapita. Mwanvita, aliyesindikiza na wanawake wenzake hadi pale njia panda, aligeuka akamtazama. Yeye alidhani anashukuriwa kwa heshima aliyoionyesha.

"Mama alisema neno moja tu tuliporudi," Sufiani alisema. "Kaka yangu amezikwa kama mtu aliyeokotwa barabarani. Hakuwa hata na mtani wa kumzuia."

Benedikto alirudi kwenye kiti chenye mto. Angeweza kuondoka. Milima ni mikubwa, vijiji ni vingi, na kila mahali angepokewa, kwa sababu mgeni hulishwa vizuri popote. Hiyo ndiyo shida yake. Mzee kama yeye akiwa mgeni kila mahali, siku atakayoangukia njiani watamzika kwa adabu, watanawa mikono, watauliza: alikuwa nani yule? Nyumba ya kumtukana ilikuwa hii moja tu duniani. Alivibana vifungo vya shanta, akaivaa mgongoni, akasimama. Akafikiri. Akaivua.

Alisubiri. Kuna mambo hayachezewi, na kisomo ni mojawapo. Shehe alisoma, watu wakaitikia, dua ikafungwa kwa amina nzito ya wanaume. Sinia za pilau zikatoka. Yunusi wa Dar alikuwa amekaa karibu na shehe, leso shingoni. Nguo za Kondo zilikuwa zimetandazwa kwenye kitanda cha kamba barazani, zigawiwe jioni kwa wenye haki nazo. Katikati yake kulikuwa na koti zito la kahawia, kifungo kimoja hakipo. Benedikto ndiye aliyelileta, mgongoni, toka mjini.

Alilivaa. Akachukua fimbo ya marehemu, akatokea uani akivuta mguu kama Kondo.

Kwanza alikohoa. Kondo alikuwa na kikohozi chake, alikitoa kila alipotaka kusema uongo, na watu walikisikia kabla ya kumwona mwenyewe. Mikono ilisimama hewani na matonge yake.

"Mwanvita!" aliita kwa sauti ya puani. "Nani kala figo? Nimeondoka siku chache tu, figo limeliwa! Na hii pilau mbona haina chumvi, mmepika kwa machozi ya watu wa Dar?"

Hakuna aliyecheka. Mtoto mmoja alianza, akafinywa. Lakini mtu akishaanza kuteremka mlima hawezi kusimama katikati. Akajikokota hadi kwa Yunusi.

"Mwanangu Yunusi, hujambo? Mimi nilifika huko kwenu mara moja, nikarudi siku ileile. Nchi yote bapa! Mnalalaje? Mtu akilala kwenye ardhi isiyo na mwinuko atajuaje kichwa kiko upande gani?"

Maneno hayo yalikuwa ya Kondo mwenyewe. Kijiji kizima kilikwisha kuyasikia mpaka kikachoka. Mzee mmoja alipaliwa na wali. Yunusi alisimama.

"Mzee, hii ni dharau. Watu wametoka kusoma dua sasa hivi."

"Dua imekwisha," shehe alisema bila kuinua uso kutoka kwenye sinia. "Sasa tunakula. Kaa, mwanangu, nyama inapoa."

Benedikto alikwenda mpaka mlango wa jikoni, mahali Mwanvita alipokuwa amesimama na mwiko, akalala chini. Kifudifudi, kwenye vumbi, kutoka mwimo hadi mwimo.

"Hapiti mtu! Siku ile mlipita bure. Leo hata pilau haipiti!"

Aliona miguu ya Mwanvita mbele ya pua yake, kidole kikubwa kikikwaruza ardhi. Akafumba macho.

"Kondo hakushika fimbo mkono wa kulia," Mwanvita alisema.

"Alishika mkono upi?"

"Wa kushoto. Wa kulia alishikia uongo wake."

Uani kulipasuka. Mwanvita naye alicheka, na katikati ya kicheko sauti ikamgeuka ikawa kilio, kile kilichokwama tangu njia panda. Wanawake wakamshika. Akawasukuma, akachota majivu mafigani kwa mikono miwili, akammwagia Benedikto kichwani.

"Mnyamwezi gani wewe! Maiti imekwisha oza, ndiyo unakuja kuizuia! Ulipitia njia ya Kigoma?"

"Nilikuwa nabeba mzigo wa babu zenu!"

"Ondoka mlangoni, punda!"

"Nikomboeni kwanza!"

"Kwa kitu gani?"

"Jogoo wa marehemu. Yule chongo."

"Mchukue, mnafanana. Ninyi nyote wawili mnaona upande mmoja tu."

Kisha Mwanvita akaiendea shanta, akaipindua yote. Alichukua nyuzi, akachukua viberiti, akaushika upya na ule mfuko wa sukari aliokwisha pewa asubuhi, akasema mara ya kwanza aliupokea mtu mwingine. Yunusi alibaki amesimama na leso yake. Mwishowe Sufiani alimvuta akae, wakaanza kuzungumza, na Yunusi akauliza polepole kama ni kweli mjomba alirudi kutoka Dar siku ileile.

"Kweli kabisa. Hata chai hakunywa."

Benedikto alilala kwenye kibanda cha mbuzi, kama kawaida yake. Asubuhi alikunywa maji kwenye kata, akaambiwa asiilambe. Hakuna aliyemsindikiza. Alipanda na shanta mgongoni, jogoo chongo amefungwa juu yake akiwika kwa hasira kila njia ilipopinda. Mgongo ulianza kulia mapema kuliko siku zote. Alisema labda ni pilau. Akapanda. Akasema labda ni uzee.

Juu ukingoni kulikuwa na upepo na ukungu. Alitua mzigo kando ya kile chungu cha mawe, akafungua vifungo. Chini kabisa, chini ya betri zilizobaki, kulikuwa na furushi la kahawia lililokunjwa vizuri. Lile koti. Kifungo kilichokosekana kilikuwa kimeshonewa kipya, kwa uzi wake mwenyewe wa ushuru. Alipolikunjua, ndani yake likatoka pande zima la jiwe la kusagia, la kutosha kuua nguruwe.

Alilivaa koti. Akaliweka jiwe juu ya mengine. Halafu akalielekea bonde, akaweka mikono mdomoni.

"Mwanvitaaa! Utasagia nini sasa, we nyani jike?"

Ukungu ulikuwa umefunika migomba na mapaa yote, huoni kitu. Alingoja. Jogoo naye alinyamaza. Kisha, kutoka huko chini, ikapanda sauti nyembamba.

"Meno yakooo! Uyarudisheee!"