Ngoma Nyuma ya Kisogo cha Tabitha

Mwenye mtoto na asikie habari ya Jenoveva, muuza dagaa wa Nyakato. Alilolifanya yeye hata mwingine anaweza kulifanya, tena kwa mapenzi matupu.

Mtoto wake Tabitha alizaliwa mzima. Alisema mapema, akaimba mapema, na kanisani alikuwa akimaliza "amina" kabla ya mchungaji. Alipofika miaka minne akashikwa na homa ya uti wa mgongo. Alilazwa muda mrefu. Mungu akamrudisha, lakini masikio hayakurudi naye. Maneno aliyokuwa nayo alibaki nayo, ila yalitoka mazito, kama ya mtu anayeongea na ugali mdomoni. Mapya hayakuingia. Akajifunza mwenyewe kuangalia midomo ya watu, na zaidi ya yote, uso wa mama yake.

Baba yake, Mniko, alikuwa mvuvi kambini kisiwani Rukuba, mtu wa kuja na kuondoka. Neno lake lilikuwa moja: "Kama shule haimtaki, mama yangu Butiama anamtaka. Akafukuze ndege kwenye mtama. Kazi hiyo haitakagi masikio."

Hilo ndilo lililomkosesha Jenoveva raha. Aliona mwanawe anazeekea shambani, hajui hata kuandika jina lake.

Tabitha alipokuwa na miaka saba, mwenyekiti wa mtaa akapita akitangaza kwamba watoto wenye ulemavu wapelekwe shule ya msingi ya pale jirani, walimu wanakuja kuwapima. Viziwi watapelekwa Bunda, kwenye shule yenye kitengo chao na bweni, wakafundishwe kwa lugha ya alama. Jenoveva aliacha dagaa juani bila mtu wa kufukuza kunguru, akakimbilia kwa jirani yake Agness.

"Hiyo ni intavyuu," Agness akasema, hata hakuacha kuosha vyombo. "Usijidanganye, Mama Tabi. Gabriel wangu kule shule ya binafsi waliniambiaga hivyo hivyo, mlete tu tumwone. Kumbe maswali! Jina lako nani, taja rangi, hesabu mpaka ishirini. Gabriel akabaki kulamba kamasi. Wakanirudishia mtoto kama samaki aliyeoza."

"Lakini hawa wanatafuta wasiosikia."

"Wasiosikia ndiyo, ila wenye akili! Vitanda vichache, watoto mkoa mzima. Ungekuwa mwalimu ungemchukua yupi, anayejibu au anayekukodolea macho?"

Jenoveva hakuuliza mtu mwingine. Yeye mwenyewe aliishia la saba, na mbele ya mtu mwenye kalamu ulimi wake ulikuwa unaganda. Akarudi nyumbani akaanza kumfundisha mwanawe. Unaitwa nani? Una miaka mingapi? Baba yako anafanya kazi gani? Tabitha alisoma midomo na kujibu, akijibu vizuri anapewa kipande cha muwa.

Halafu sokoni mama mmoja akamwambia kuna na ngoma. Mwalimu anasimama nyuma ya mtoto, anapiga, mtoto akisikia anyooshe mkono. Jenoveva akaona swali hilo mwanawe atalikosa. Ila mama hakosi njia. Alimkalisha Tabitha kwenye kigoda, akakaa mbele yake, Agness akasimama nyuma na sufuria na mwiko. Agness akipiga, Jenoveva anafumba macho. Mama akifumba macho, mtoto ananyoosha mkono.

"Majirani watasema tumerogwa," Agness akacheka. "Mama amesinzia, mtoto anaapa, na mimi napigia sufuria tupu!"

Walicheza hivyo jioni baada ya jioni, mpaka Tabitha akawa hakosei. Tena aliupenda mchezo huo. Alikuwa akiuona uso wa mama yake ukicheka.

Siku ya kupimwa, foleni ilizunguka darasa. Wengine wamebebwa mgongoni, mmoja ameletwa kwa toroli la kubebea maji. Mpimaji, Mwalimu Leodgar, alikuwa mtu mpole mwenye macho ya uchovu. Alipomwona Tabitha anamng'ang'ania mama yake, akasema, "Mama, kaa hapo mbele yake asiogope."

Jenoveva akasema moyoni, Mungu huyu.

Maswali yakajibiwa yote. Mwalimu Leodgar akaenda nyuma. Akapiga ngoma kwa nguvu, mkono ukapanda. Akapiga polepole, mkono ukapanda. Akapuliza filimbi, akagonga kengele ndogo, mkono ukapanda. Alirudi mbele akikuna kichwa.

"Mama, nani alikwambia mtoto huyu hasikii?"

Jenoveva aliona ule ndio mtego wa mwisho: akikubali kwamba hasikii, mtoto amefeli. "Anasikia vizuri, mwalimu," akajibu haraka. "Ana akili sana huyu."

"Kweli anasikia. Ulimi tu ndio mzito, utalegea. Shukuru Mungu. Mwandikishe hapa hapa, shule ya kawaida. Bunda hana haja napo."

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Kinywa kilifunguka, lakini nyuma yake foleni ilikuwa inasukuma, na akaogopa kuitwa mama aliyeidanganya serikali. Akamshika Tabitha mkono, wakatoka. Njiani akajifariji: shule ni shule. Tena hii iko karibu.

Darasa lilikuwa limejaa mpaka wengine wanakaa sakafuni. Madam Stellah, mwalimu wa darasa la kwanza, alifundisha akiandika ubaoni, mgongo kwa watoto, kwa hiyo midomo yake Tabitha hakuiona. Wenzake walipocheka, alicheka akiwa amechelewa. Walipotoka kucheza, alibaki amekaa. Akachapwa kwa kutoitika.

"Mama Tabitha, mwanao ana kiburi," Madam Stellah akamwambia siku alipoitwa. "Namwita mpaka koo linakauka, yeye kanigeuzia kisogo."

"Hasikii, Madam."

"Hasikii? Si alipimwa hapa hapa tukiona? Kila ngoma mkono juu! Usimtafutie mtoto uchochoro. Mfundishe adabu."

Jenoveva angesema nini? Macho yake ndiyo yaliyokuwa shahidi wa uongo.

Mwaka ukaisha. Tabitha akaanza kuingia chini ya kitanda asubuhi, sare mkononi. Maneno yake yakapukutika moja moja, kwa kuwa kila alilosema darasani walimwigiza. "Amina" ndiyo ilitoka mwisho. Baada ya hapo akawa anaonyesha kwa kidole tu.

Wapimaji waliporudi, Jenoveva alifika kabla mlango haujafunguliwa. Akamweleza Mwalimu Leodgar yote, sufuria, mwiko, kufumba macho, hakuficha. Mwalimu alikaa kwenye dawati la watoto.

"Mama yangu! Ile ngoma siyo mtihani. Asiyenyoosha mkono ndiye tunayemtafuta."

"Niliogopa mtamkataa, mwalimu."

"Mficha uchi hazai, mama. Na mimi nilikosea, nilipaswa kukuweka nje siku ile." Akaichukua ngoma. "Nenda kakae nje sasa."

Jenoveva akakaa kwenye kibaraza. Aliisikia ngoma. Aliisikia ikipigwa kwa nguvu mpaka njiwa wakaruka paani. Ikaja filimbi, ikaja kengele. Kisha kimya.

Mwalimu Leodgar akatoka. "Hasikii kabisa. Ameugeukia mlango tu, anakutafuta wewe."

"Basi aende Bunda."

"Bweni limejaa, mama. Mwaka jana vitanda vilikuwepo. Walimu wa alama mkoa huu siyo wa kumwaga, hawawezi kuongeza watoto ovyo. Nitapeleka jina lake, asubiri."

"Mpaka lini?"

"Labda mwakani, labda mwaka wa mbele yake. Siwezi kukudanganya. Na lugha mtoto anaishikaga akiwa mdogo. Kila mwaka unaopita una chake unachochukua."

Mniko aliporudi kutoka Rukuba akaambiwa habari. Alisikiliza mpaka mwisho, hakufoka, na heri angefoka. Akasema, "Sasa huku anasubiri akichapwa. Butiama atasubiri bila fimbo."

Jioni hiyo Jenoveva akamfungia mtoto nguo kwenye kitenge: gauni mbili, sweta, kanga ya kulalia. Tabitha alikaa kwenye kile kigoda, anamwangalia usoni kama alivyozoea. Hakuna aliyeweza kumweleza anakwenda wapi, wala kwa nini mama hafungi na nguo zake mwenyewe. Maneno ya habari kama hiyo hakuwa nayo, na alama za kumwelezea ziko Bunda.

Machozi yakamzidi Jenoveva, akafumba macho.

Alipoyafumbua, Tabitha alikuwa amenyoosha mkono juu, anatabasamu, anangoja kuambiwa amepata.